Mfanyabiashara na Mtandao: Historia ya Uchaguzi wa Simu ya Mkononi Nchini Kenya

Neno mtandao limetokana na kitenzi tanda, chenye maana ya kuenea juu ya kitu na kukifunika, kama wingu linavyotanda angani au buibui anavyotanda nyuzi zake. Katika matumizi ya leo nchini Kenya neno hili hubeba maana tatu ambazo wasemaji aghalabu hawazitenganishi. Mtu asemapo "hapa hakuna mtandao" husema juu ya milingoti na mawimbi yake. Aulizapo "wewe uko mtandao gani?" huuliza juu ya kampuni. Na mchuuzi asemapo kwamba wateja wake "wako mtandao mmoja" husema juu ya watu. Lugha imefanya jambo la busara kuziacha maana hizi pamoja, kwa sababu mfanyabiashara aliyetaka simu ya kazi alilazimika kuvichagua vyote vitatu kwa mara moja. Hata hivyo, uzito wa maana hizo haukuwa sawa nyakati zote. Ulianza kwenye mlingoti, ukahamia kwenye bei, kisha ukatua kwa watu na fedha zao. Na kwa kila hatua uhuru wa mfanyabiashara wa kujichagulia ulipungua, ijapokuwa idadi ya kampuni iliongezeka.

Kabla ya miaka ya 1990 hapakuwa na uchaguzi wo wote. Neno simu, ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni fedha au waya, lilikifaa vyema chombo kilichofika Unguja mwaka 1879, wakati kisiwa hicho kilipounganishwa na Aden kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya mwingine ulifuatana na reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Simu ilibaki mikononi mwa serikali kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, na baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 ilikabidhiwa Shirika la Posta na Simu la Kenya. Mwenye duka aliyehitaji simu alipeleka ombi lake kwa Shirika hilo, akangoja, na kungoja kwenyewe kuliweza kuchukua miaka. Mwaka 2000, katika nchi yenye watu takriban milioni 30, laini za simu za waya zilikuwa karibu 300,000 tu. Kwa sababu hiyo nambari ya simu iliyopigwa chapa juu ya karatasi ya barua ilikuwa na cheo chake. Ilimwambia msomaji kwamba biashara hii ina ofisi, ina meza, na ina mtu wa kukaa mezani hapo kuipokea.

Simu ya kwanza ya mkononi haikuleta uchaguzi, ilileta fahari. Ilitolewa na Shirika lile lile mwaka 1993, kwa mitambo ya analojia, na kifaa chake kiliuzwa kwa kiasi cha shilingi 250,000. Wenye kumudu gharama hiyo walikuwa mabalozi, wakuu wa makampuni, wanasiasa, na wafanyabiashara wachache wakubwa. Hata kufikia mwaka 1999 wateja wa simu za mkononi katika nchi nzima walikuwa takriban 24,000. Istilahi za wakati huo zinaonyesha kwamba lugha nayo ilikuwa bado ikikitazama chombo hiki kwa mbali. Palipendekezwa rununu, palipendekezwa rukono, palipendekezwa simutamba. Na wakati wataalamu wakizipima, watu walikwisha kuamua kusema simu ya mkono au simu ya mkononi. Rununu ilipata makao katika vitabu vya shule na katika habari za redio. Sokoni haikufika.

Sheria ya Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 ndiyo iliyobadili mambo. Mwezi wa Julai 1999 Shirika liligawanywa mafungu matatu: Telkom Kenya ikachukua simu, Shirika la Posta likachukua barua, na Tume ya Mawasiliano ikapewa kazi ya usimamizi. Mwaka uliofuata kampuni mbili ziliingia sokoni. Kencell, iliyomilikiwa na kampuni ya Kifaransa ya Vivendi pamoja na kundi la Sameer la hapa Kenya, ilianza kazi mwezi wa Agosti 2000. Safaricom, iliyoundwa mwaka 1997 ndani ya Shirika la Posta na Simu, ilipata mshirika, yaani Vodafone ya Uingereza iliyochukua asilimia 40 ya hisa, nayo ikaanza upya mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Nambari za Kencell zilianza kwa 0733, na za Safaricom kwa 0722. Tarakimu hizi nne zingekuja kuwa na historia yao wenyewe.

Kwa mara ya kwanza, basi, mfanyabiashara wa Kenya alisimama mbele ya milango miwili. Swali lake la awali lilikuwa la kijiografia: simu hii inashika wapi? Nairobi na Mombasa zilitangulia, na miji mingine ikafuata kidogo kidogo. Mwenye malori yaliyopakia mizigo bandarini na kuipeleka Malaba hakuwa na haja ya kusikia sifa za kampuni. Alitaka kujua kama dereva wake ataweza kupatikana akiharibikiwa na gari njiani. Mnunuzi wa ng'ombe au wa mahindi alikuwa na mashaka zaidi, kwa kuwa bidhaa zake zilitoka mahali ambako milingoti ilichelewa. Ndiyo asili ya ule mtindo, unaokumbukwa sehemu nyingi za mashambani, wa kupanda kilimani au juu ya kichuguu ili "kutafuta mtandao". Katika hatua hii neno lilikuwa bado na maana yake ya kwanza, na uchaguzi ulikuwa wa kweli: mtu aliuliza, akalinganisha, akaamua, na akikosea alipata hasara yake peke yake.

Swali la bei lilifuata upesi, na hapa kampuni hizo mbili ziliachana njia. Kencell ilitoza kwa dakika, na Safaricom ikatoza kwa sekunde. Jambo hili laonekana dogo mpaka lihesabiwe. Chini ya utaratibu wa dakika, maongezi ya sekunde 61 hulipiwa dakika mbili, na ya sekunde 20 hulipiwa dakika nzima. Achukuliwe mchuuzi wa vitunguu katika soko la Wakulima mjini Nairobi, apigaye simu 30 kwa siku, kila moja ya sekunde 20, kuuliza kama gari limeondoka, limefika wapi, na limebeba magunia mangapi. Maneno yake yote kwa siku ni ya dakika 10. Akitozwa kwa dakika atalipa dakika 30. Kwa upande mwingine, mwenye ofisi azungumzaye na wakili wake kwa robo saa haoni tofauti ya maana. Kencell iliwalenga wenye ofisi, na hesabu yao haikuwa ya kipumbavu, maana kwa desturi ya miaka mingi simu ilikuwa chombo cha wenye ofisi. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba biashara ya Kenya imo ofisini. Sehemu kubwa ya biashara hiyo ilikuwa Gikomba, Kamukunji, Kongowea na kando ya barabara, nayo ilizungumza kwa sekunde.

Athari ya sekunde katika lugha yenyewe haijapewa uangalifu unaostahili. Adabu ya Kiswahili, na hasa ya pwani, haimruhusu mtu kuingia katika shughuli kabla ya kujuliana hali na mwenziwe. Huulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto na za kazi, na kila swali lina jibu lake ambalo ni lazima lingojwe. Simu ya kutozwa kwa sekunde iliifanya kila salamu iwe na bei. Wachuuzi hawakuiacha adabu, lakini waliikunja: "Sema mzee, mzigo umeingia?" Neno sema, au niambie, likawa limebeba mlolongo mzima wa salamu, na aliyepigiwa hakuona kwamba amekosewa heshima kwa sababu naye alikuwa akihesabu. Mzee wa Lamu aliyesikia maongezi kama hayo angeweza kudhani kwamba wasemaji wamegombana.

Desturi nyingine ya wakati huo ilikuwa ya kupiga simu na kuikata kabla haijapokewa, ili aliyepigiwa ndiye apige na kulipa. Wakenya waliiita kuflashi, na Watanzania kubipu. Ilikuwa na sheria zake zisizoandikwa. Maskini humpigia tajiri hivyo, mtoto humpigia mzazi, na mteja humpigia mwenye mali. Mfanyabiashara wa jumla alijua kwamba wachuuzi wadogo wakitaka kuagiza bidhaa watamkatia simu, na asipowarudia watakwenda kwa mwingine. Gharama ya mawasiliano ya biashara, kwa hiyo, haikuwa ya simu zake peke yake. Ilikuwa pia ya simu za wateja wake, zilizokuja kwake zikiwa zimekwisha geuzwa deni.

Hapo ndipo uchaguzi ulipoanza kumponyoka. Simu itokayo mtandao mmoja kwenda mwingine hupita kwenye daraja, na mwenye mtandao unaopokea humtoza mwenziwe ada ya kuvuka. Ada hiyo, iliyosimamiwa na Tume ya Mawasiliano, iliingia katika bei ya mteja, na kampuni zenyewe ziliongeza yao juu yake, kwa kuwa zilipenda wateja wao wazungumze ndani ya nyumba. Kumpigia mtu wa mtandao ule ule kukawa nafuu. Kumpigia wa mtandao mwingine kukawa ghali. Mfanyabiashara aliyelazimika kuwarudia wateja 40 kwa siku hakuwa tena na sababu ya kuuliza ni kampuni gani nzuri. Swali lililobaki lilikuwa: hao 40 wako wapi? Na kwa kuwa wateja wenye sekunde chache walikwisha kwenda palipotozwa kwa sekunde, jibu lilikuwa tayari. Makampuni makubwa yaliyokuwa na uwezo yalitia laini za mitandao yote miwili katika mitambo ya simu ya ofisini, ili kila simu itoke kwa mlango wa mwenyewe. Mchuuzi hakuwa na mtambo. Aliangalia orodha ya wateja wake, akanunua laini iliyokuwa na wengi.

Lililotokea mwaka 2007 liliifunga kazi iliyokwisha kuanzwa. Tarehe 6 Machi mwaka huo Safaricom ilianzisha huduma ya M-Pesa. Jaribio lake la kwanza, lililofanywa mwaka 2005 pamoja na shirika la mikopo la Faulu, lilikusudiwa kuwawezesha wakopaji kulipa mikopo yao kwa simu. Waliojaribishwa waliitumia kwa namna isiyotazamiwa: walitumiana fedha wao kwa wao. Waanzilishi waliona hivyo, wakabadili shabaha. Mapema mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofanya njia zisipitike na baadhi ya benki zifungwe, watu wengi walijifunza kwa haja yale ambayo wangejifunza polepole kwa hiari.

Kwa mwenye biashara, M-Pesa mwanzoni haikuonekana kuwa chombo cha biashara. Kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja kilikuwa shilingi 35,000, kiasi ambacho hakikutosha kununua shehena. Lakini mchuuzi wa Meru aliyekuwa akisafiri usiku kucha kwa basi kwenda Gikomba, fedha zimefungwa kiunoni, aliona kwamba anaweza kuzituma na kuletewa furushi la mitumba kwa basi lile lile. Safari moja ikaokoka. Aliyempelekea bidhaa akiwa na nambari ya 0733 aliweza kupokea fedha hizo, ila kwa kupewa maneno ya siri ya kuchukulia fedha taslimu kwa wakala, na kwa ada kubwa zaidi kwa mtumaji. Hakuweza kuzihifadhi katika simu yake, wala kumlipa mwingine kwazo. Katika muda mfupi mteja wa Meru alianza kuuliza: "Kwani huna laini nyingine?" Swali hilo, lililoulizwa kwa upole, lilikuwa na nguvu kuliko tangazo lo lote.

Wapinzani hawakulala. Kencell, iliyokwisha kuitwa Celtel tangu 2004, iliitwa Zain mwaka 2008, na mwaka 2009 ikatoa huduma yake ya fedha kwa jina la Zap, kwa ada zilizokuwa chini. Telkom Kenya, baada ya France Telecom kununua asilimia 51 ya hisa zake, iliingia sokoni mwaka 2008 kwa jina la Orange, na mwishoni mwa mwaka huo ikaja Yu. Sasa milango ilikuwa minne. Lakini fedha za simu hazisafiri kwa mawimbi peke yake; zahitaji mtu aliyekaa kibandani, mwenye noti ndani ya mtoto wa meza, ambaye atazipokea na kuzitoa. Mawakala wa M-Pesa walikuwa wengi, walikuwa wametangulia, na mikataba yao haikuwaruhusu kuhudumia mtandao mwingine. Zap ilikuwa nafuu mahali ilipopatikana. Mfanyabiashara hakuhitaji unafuu wa aina hiyo.

Mwezi wa Agosti 2010 vita vya bei vilipamba moto. Tume ilishusha ada ya kuvuka kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21, na Zain ikatangaza kwamba mteja wake atapiga simu kwa shilingi 3 kwa dakika, kwenda mtandao wo wote. Wengine walilazimika kushusha bei zao. Kwa nadharia ya uchumi, huu ulikuwa wakati wa wafanyabiashara kuhama kwa makundi. Kizuizi kilichobaki, ilisemekana, ni nambari: mwenye duka hatabadili nambari iliyoandikwa ukutani, juu ya malori, katika mihuri ya risiti na katika vichwa vya wateja. Basi mwezi wa Aprili 2011 kizuizi hicho nacho kiliondolewa. Kwa ada ya shilingi 200 mteja aliweza kuhama kampuni na kuichukua nambari yake.

Waliohama walikuwa wachache mno. Sababu nyingi zilitolewa: kwamba maombi yalicheleweshwa, kwamba wengine walijikuta hawapatikani kwa siku kadhaa, kwamba watu hawakuelezwa vya kutosha. Zote zina ukweli ndani yake. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba waliobuni mpango huo walikuwa wakiifikiria simu ya mwaka 2000. Waliihamisha nambari, wakaiacha pochi. Aliyehama kutoka Safaricom aliondoka na tarakimu zake zote kumi, na alipofika upande wa pili aligundua kwamba M-Pesa yake imebaki nyuma. Kwa mwenye duka hili lilikuwa sawa na kuhamia nyumba yenye kodi nafuu na kuacha mlango wa wateja katika nyumba ya zamani.

Kulikuwa na dosari nyingine, ambayo haikutajwa sana. Kabla ya 2011, tarakimu nne za mwanzo zilimwambia mpiga simu anampigia mtu wa kampuni gani, na kwa hiyo atalipa kiasi gani. Baada ya kuruhusiwa kuhama, 0733 iliweza kuwa ya ye yote. Elimu ndogo ya sokoni, iliyojengwa kwa miaka kumi, ilitiwa shaka na sheria iliyokusudiwa kumsaidia mnunuzi. Na tarakimu zenyewe zilikuwa zimekwisha kuwa alama ya jamii: nambari ya 0722 ilimtambulisha mwenyewe kuwa mtu wa mwanzo, aliyeshika simu kabla ya wengine, na madalali wa ardhi na wauzaji wa magari hawakuwa tayari kuichezea heshima hiyo.

Ni kosa kusema, kama ilivyosemwa mara kwa mara, kwamba wafanyabiashara wa Kenya walipuuza bei. Walizijua bei kuliko kampuni zenyewe. Jibu lao lilikuwa kukataa kuchagua. Simu za laini mbili, nyingi zikitoka China, zilienea katika miaka hiyo hiyo, na waliokuwa bado na kifaa cha laini moja walibeba viwili, kimoja katika kila mfuko. Laini ya kwanza ilipokea wateja na fedha. Ya pili ilipiga kwa shilingi 3. Maana ya neno mtandao ikagawanywa na mikono ya watu ambao hawakuwahi kuketi darasani kulijadili: bei huku, watu kule. Aliyefuata njia hii alipata nafuu ya kweli, lakini kampuni iliyokuwa na laini ya fedha haikupoteza cho chote.

Mgawanyo ulio wazi kuliko wote ulitokea mwaka 2014, Yu ilipoondoka nchini. Wateja wake walipelekwa Airtel, jina ambalo iliyokuwa Zain ililichukua mwaka 2010, na mitambo yake ikanunuliwa na Safaricom. Watu wakaenda upande mmoja, milingoti upande mwingine, na jina la kampuni likafa. Wafanyabiashara waliokuwa wameichagua Yu kwa sababu ya bei zake za chini walijikuta wateja wa kampuni ambayo hawakuichagua. Kwa watu wa 0733 mabadiliko ya aina hii hayakuwa mageni. Katika miaka kumi walikuwa wamehudumiwa chini ya majina manne, Kencell, Celtel, Zain na Airtel, bila wao kuondoka mahali walipokuwa.

Tangu mwaka 2013 uchaguzi uliacha hata kuwa wa simu. Mwaka huo Safaricom ilianzisha Lipa na M-Pesa, ambapo mwenye duka hupewa nambari ya kulipiwa isiyo nambari yake ya simu, na ada ya malipo ya bidhaa humwangukia yeye badala ya mnunuzi. Walimu wa lugha hawakukosa kuona kwamba jina hilo lina kasoro. Chombo cha kulipia huonyeshwa kwa kiunganishi kwa: mtu hulipa kwa hundi, kwa fedha taslimu, kwa M-Pesa. Kulipa na M-Pesa, katika Kiswahili kilichonyooka, ni kulipa mkiwa wawili, wewe na yeye. Vivyo hivyo huduma iliyotolewa baadaye kwa wachuuzi wadogo iliitwa Pochi la Biashara, na neno pochi, ambalo katika Kiswahili sanifu lina upatanisho wa i- na zi-, likapewa umbo la ukubwa pasipo sababu. Kwa haki yapasa itajwe pia kwamba kampuni hiyo hiyo ilichota mahali pengine kwa ustadi. Okoa Jahazi, kwa mkopo wa muda wa maongezi, ni jina ambalo baharia angelielewa mara moja. Na Fuliza, ya mwaka 2019, imelirudishia kitenzi cha zamani uhai ambao kamusi peke yake haingeweza kuupa. Washindani waliita huduma zao Zap na Me2U. Haiwezi kudaiwa kwamba soko liliamuliwa na majina, lakini jina linalosemeka hutembea kwa miguu yake.

Na kuhusu ile na ya Lipa na M-Pesa, huenda kosa la sarufi lilisema kweli kuliko sarufi. Kila malipo yalikuwa na mtu wa tatu ndani yake. Mnunuzi alisimama kaunta, muuzaji akasimama ng'ambo, na baina yao alikuwapo yule ambaye bila yeye hakuna aliyeweza kumlipa mwenziwe.

Wasimamizi walilitambua jambo hili kwa kuchelewa, wakaanza kulifungua fundo moja moja. Mwaka 2014, baada ya malalamiko kufikishwa mbele ya Mamlaka ya Ushindani, mawakala wa M-Pesa waliachiliwa kuhudumia mitandao mingine. Mwaka 2015 benki ya Equity iliingia sokoni na simu yake, Equitel, iliyopanda juu ya milingoti ya Airtel, nao ukawa ushahidi kwamba benki zilikwisha kuelewa mshindani wao ni nani. Mwaka 2018 watu waliwezeshwa kutumiana fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine moja kwa moja. Na mwezi wa Aprili 2022 ilitangazwa kwamba mteja wa Airtel Money au wa T-Kash ya Telkom ataweza kulipa katika duka lenye nambari ya Lipa na M-Pesa. Hatua hii ya mwisho ndiyo ambayo, kama ingekuja pamoja na ruhusa ya kuhama ya mwaka 2011, pengine ingeibadili historia. Ilikuja miaka kumi na mmoja baadaye, wakati vibao vya plastiki vyenye nambari za kulipia vilikwisha kupigiliwa juu ya kaunta za maduka, vinyozi, migahawa na matatu, na wakati kizazi kizima cha wachuuzi kilikwisha kukua bila kuwahi kusimama mbele ya milango miwili na kujiuliza waingie upi.

Vibao hivyo bado vina jina moja. Mnunuzi anayeuliza kama aweza kulipa kutoka mtandao mwingine aghalabu hupata jibu lililo swali, nalo ni lile lile lililotoka Meru: "Kwani huna M-Pesa?"